Cc si hp: kulinganisha injini ndogo za pampu, jenereta na mashine ya kusaga

Chukua injini tatu zinazojulikana kila mahali. Boxer 150 ya bodaboda ina cc 144.8 na hp (nguvu za farasi) 12. Honda GX160, ile nyekundu-nyeupe ya pampu za maji, ina cc 163 na hp 4.8. Lister 6/1 ya mashine ya kusaga, lile jitu la chuma lenye magurudumu mawili mazito ubavuni, ina cc 1,433 na hp 6 tu. Anayenunua injini kwa kuuliza "ina cc ngapi?" peke yake atatoka hapo kachanganyikiwa, maana injini yenye cc karibu mara kumi ya pikipiki inatoa nusu ya nguvu zake.

Hakuna uongo hapo. Cc ni ukubwa wa nafasi ambayo pistoni hupita, basi. Inakueleza kila mlipuko utakuwa mkubwa kiasi gani. Haikuelezi milipuko hiyo ni mingapi kwa dakika. Boxer hufikia hp zake ikiwa mizunguko 7,500 kwa dakika, GX160 imefungwa gavana (kidhibiti kasi) isivuke 3,600 hivi, na Lister huzunguka 650 tu tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa hiyo kukadiria hp kwa cc kunawezekana kabisa, ila lazima cc itembee na mizunguko yake.

Hesabu ninayoitumia kwa injini za kazi za mipigo minne (four-stroke) zisizo na tabo (turbo) ni hii: zidisha cc kwa mizunguko kwa dakika, gawanya kwa 140,000. Jibu ni hp za makadirio. Namba hiyo 140,000 haikutoka hewani. Ukipiga hesabu kinyumenyume kutoka kwenye nguvu za injini hizi, unakuta wastani wa shinikizo linalosukuma pistoni ni bar 6 hadi 7 na ushei, iwe ya petroli au ya dizeli, ya Kijapani, ya Kichina au ya Kiingereza. Tofauti kubwa kati yao ni kasi. Nimezipanga saba ili uone makadirio yanavyokaribiana na namba za mtengenezaji ("ya kulala" ni yenye silinda iliyolala, "ya kusimama" ni yenye silinda iliyosimama):

| Injini | cc | Mizunguko kwa dakika | Makadirio ya hp | hp za mtengenezaji |
|---|---|---|---|---|
| Honda GX160, petroli | 163 | 3,600 | 4.2 | 4.8 |
| Honda GX200, petroli | 196 | 3,600 | 5.0 | 5.5 |
| Honda GX390, petroli | 389 | 3,600 | 10.0 | 11.7 |
| R180, dizeli ya kulala | 402 | 2,600 | 7.5 | 7.7 |
| S195, dizeli ya kulala | 815 | 2,000 | 11.6 | 12 |
| ZS1115, dizeli ya kulala | 1,194 | 2,200 | 18.8 | 22 |
| Lister 6/1, dizeli ya kusimama | 1,433 | 650 | 6.7 | 6 |

Inayotoka nje zaidi ni ZS1115. Yenyewe hupuliza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, wakati S195 hupuliza kwanza kwenye kichumba cha pembeni na kupoteza joto njiani, kwa hiyo kila cc ya 1115 inazaa zaidi kidogo. Kwa mnunuzi, kukosea hp moja hadi tatu chini ya ukweli si hasara.

Sasa linganisha na ile njia nyingine inayozunguka mitandaoni, ya kugawanya cc kwa 32. Imetoka kwenye mashine za kukata nyasi za Marekani, na kwa GX160 inaleta 5.1, si mbaya. Ipeleke kwenye S195 upate hp 25, mara mbili ya ukweli. Ipeleke kwenye Lister upate hp 45. Mtu akafunge kinu cha hp 40 kwenye Lister kwa hesabu hiyo! Njia ya 32 inafaa kwa injini za petroli za mizunguko 3,600 na si kwa kitu kingine. Pikipiki na magari ya petroli nayo yana hesabu yake, maana yametengenezwa kupumua vizuri kwenye kasi kubwa: gawanya kwa 85,000 badala ya 140,000. Boxer itakupa 12.8, na injini ya Toyota 1NZ-FE ya cc 1,497 kwenye mizunguko 6,000 itakupa 106 dhidi ya 109 zilizoandikwa. Zenye tabo usizikadirie kwa cc kabisa.

Kuna wanaouliza mashine za boti. Yamaha ya hp 15 ya kuchanganya mafuta na oili ina cc 246, na ya mipigo minne yenye hp 15 hizo hizo ina cc 362. Ya kuchanganya hulipuka kila mzunguko badala ya kila mizunguko miwili, ndiyo sababu inapata nguvu zile zile kwa silinda ndogo, na ndiyo sababu hunywa petroli vile inavyokunywa.

Turudi dukani. Injini nyingi ndogo zinazouzwa Kariakoo, Kampala au River Road ni nakala za muundo wa GX kutoka China, na stika zake zina ukarimu mkubwa. Ya cc 196 imeandikwa 6.5 HP. Ya cc 208 au 212 imeandikwa 7.0, mahali pengine 7.5. Piga hesabu: 212 mara 3,600 gawa kwa 140,000 ni 5.5. Hata ukiipa heshima yote haifiki saba kwenye shafti.

Asili ya 6.5 si wizi moja kwa moja. Honda wenyewe zamani waliiuza GX200 kama ya hp 6.5, wakipima bila vifaa vyote vinavyokula nguvu, kisha wakahamia kipimo cha nguvu halisi ikaandikwa 5.5. Cc ni 196 ile ile. Watengenezaji wa nakala walibaki na namba ya zamani, wengine wakaipandisha. Marekani jambo hili lilifika mahakamani: wanunuzi wa mashine za kukata nyasi waliwashtaki watengenezaji kadhaa kwa kuzidisha hp kwenye vibandiko, na mwaka 2010 mahakama ikapitisha suluhu ya fidia. Ndiyo maana leo mashine nyingi za aina hiyo zinaandikwa cc au toki (nguvu ya kuzungusha) tu, hp imeachwa. Kwetu sijasikia aliyeshtaki mtu, kwa hiyo namba iliyo kubwa ndiyo inayouza.

Kuna kitu kimoja ambacho stika haikidanganyi, nacho ni jina la modeli. Kwenye injini za Kichina za silinda moja, tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda na zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita. 168F ni silinda moja, kipenyo 68. 170F ni 70, 178F ni 78, 186F ni 86, 188F ni 88. R175 ni 75, R180 ni 80, S195 ni 95, na 1115 ni 115. Ukiongeza mwendo wa pistoni, ambao huwa kwenye kitabu chake, unaipata cc mwenyewe: kipenyo mara kipenyo mara mwendo mara 0.7854, gawa kwa 1,000. Kwa 68 na 54 utapata 196. Kwa S195, 95 na 115, utapata 815. Injini iliyoandikwa 188F lakini kibati kinasema hp 18 unaijua papo hapo: 389 mara 3,600 haiwezi kuzaa 18 hata ikiwekewa nini.

Baada ya cc na mizunguko, yapo makato mawili kabla ya kujua utapata hp ngapi shambani.

La kwanza ni urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari. Vitabu vya Honda vinasema nguvu hupungua takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda, hata kabureta ikirekebishwa. Tanga na Mombasa hulipi chochote. Mbeya, karibu mita 1,700, unalipa asilimia 20. Eldoret, karibu mita 2,100, unalipa karibu robo nzima. Dizeli isiyo na tabo nayo inaumia, na ukiilazimisha itatoa moshi mweusi. Wauzaji wa Dar wanaotuma injini nyanda za juu hawalitaji hili, na mteja akipiga simu kwamba mashine ni dhaifu anaambiwa abadilishe plagi.

La pili ni kazi ya mfululizo. Hp ya kwenye stika ni ya kilele. Injini ya petroli ya kupozwa kwa hewa ukitaka idumu, ipe mzigo wa asilimia 80 ya kilele hicho. Dizeli za kulala za Kichina zina uaminifu zaidi hapa, kwa sababu mara nyingi hutolewa viwango viwili, cha nguvu inazoweza kutoa saa 12 mfululizo na cha saa moja tu. S195 ni kilowati 8.8 kwa saa 12, ambazo ndizo hp 12, na kilowati 9.7 kwa saa moja. Hesabu kwa kile cha saa 12.

Kwa pampu ya maji, mzigo unaujua kwa lita kwa sekunde mara mita za kupandisha, gawa kwa 76. Hizo ni hp za maji yenyewe. Tuseme unataka lita 5 kwa sekunde, yaani lita 18,000 kwa saa, na kutoka mtoni hadi shamba la juu ni mita 30 ukijumlisha msuguano wa mipira. Unapata hp 2. Pampu ndogo hupoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, kwa hiyo shafti inadai hp 4. GX200 Ruvu: 5.5 mara 0.8 ni 4.4, inatosha. GX200 hiyo hiyo Mbeya: 4.4 mara 0.8 ni 3.5, haitoshi. Itasukuma maji, lakini resi ikiwa mwisho siku nzima, na yatafika shambani machache kuliko uliyopangia. Kwa Mbeya ningenunua ya cc 270, ambayo GX270 yake ni hp 8.5, na ikikatwa mara mbili inabaki na zaidi ya 5. Ya cc 389 hapo ni kuchoma petroli bure.

Wala usinunue hp kubwa kwa sababu maji yako yako chini sana. Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji zaidi ya mita saba au nane kwenda chini hata uifunge injini ya lori, na nyanda za juu ni pungufu ya hapo. Isogeze pampu karibu na maji, nguvu itumike kusukuma.

Jenereta zina mtego wao. Umeme wetu ni wa hezi 50, na jenereta ndogo za kawaida hulazimika kuzunguka 3,000, si 3,600. Kila injini ya petroli ya jedwali langu la juu ikifungwa kwenye jenereta imeshapoteza sehemu ya sita ya mizunguko. Cc 196 kwa 3,000 ni hp 4.2, kama kilowati 3.1, na dinamo ikichukua chake zinabaki kilowati 2 na nusu hivi. Kwa hiyo jenereta ya cc 196 au 212 inayouzwa kama kilowati 3.5 ni stika tu. Ya cc 389 kutoa kilowati 5 ni sahihi. Zile ndogo za kisasa zenye inveta hazifungwi na sheria ya 3,000, zenyewe hupandisha na kushusha resi kulingana na mzigo.

Mashine ya kusaga ndiyo yenye mjadala mrefu. Mtu anaona GX390 ina hp 11.7, S195 ina hp 12, ya kwanza ina kilo 31 na unaibeba begani, ya pili inazidi kilo 130 na inataka msingi wa zege. Kwa nini ahangaike?

Anza na mafuta. Honda huandika lita 3.5 kwa saa kwa GX390 ikiwa kwenye mzigo wake wa kudumu, ambao ni chini ya hp 11.7 za kilele. S195 ikitoa hp 12 kamili inakula karibu lita 2.7 za dizeli. Kwa mashine inayosaga saa sita kwa siku tofauti hiyo ndiyo faida yako yote. Halafu kuna uchovu. Kwa saa moja GX390 huzunguka mara 216,000, S195 mara 120,000. Kinu cha nyundo hakipokei mzigo kwa upole: mama anamimina debe la mahindi, nyundo zinashtuka, mkanda unalia. Flaiwili nzito ya S195, lile gurudumu la ubavuni, inameza mshtuko ule. Ya petroli inashuka resi, gavana inafungua kabureta yote, na ukisikiliza utasikia inahema hivyo siku nzima. Kwa kukoboa kidogo nyumbani au kukata majani ya ng'ombe GX390 ni nzuri sana. Kwa biashara ya kusaga, hapana.

Kati ya S195 na ZS1115 swali ni foleni ya wateja. Kinu kidogo cha sembe ya kijiji kinaendana na 195. Ukitaka kusaga na kukoboa kwa injini moja, au uko Njombe ambako robo ya nguvu hivi imeshaondoka na hewa nyepesi, nenda 1115. Zote mbili zina aina ya kupozwa kwa maji ya kuchemka, lile tangi la juu lenye kiashirio chekundu kinachoshuka maji yakipungua. Yakichemka usiogope, ndivyo ilivyoundwa. Unaongeza tu. Wengi wamezima injini nzima wakidhani gasketi imeungua.

Na Lister? Muundo huo ulitoka Dursley, Uingereza, na nakala zilizojaa vijijini kwetu zimetoka Rajkot, Gujarat. Kwenye karatasi inashindwa na kila kitu: hp 6 kwa mzigo wa zaidi ya kilo 300. Lakini hp 6 zake ni za mfululizo kwelikweli. Huzunguka mara 39,000 kwa saa, chini ya theluthi moja ya S195, na fundi yeyote mwenye spana anaifungua. Nikilinganisha kwa haki, mpya nisingeinunua leo, kwa bei ile ile unapata dizeli ya kulala yenye nguvu mara mbili. Iliyotumika, ikiwa spea zipo jirani na kinu ni kidogo, ni mali.

Ila iliyotumika ina ujanja wake, na hapa hesabu ya cc na mizunguko inakulinda. Lister 6/1 na 8/1 ni silinda ile ile ya cc 1,433. Moja hukimbia 650 na nyingine 850, basi, ndizo hp 6 na hp 8. Muuzaji anaweza kukaza springi ya gavana ya 6/1 na kukuambia hii ni ya nane. Rekodi mlio wake kwa simu kwa sekunde 10 ikiwa na resi yake ya kazi, kisha sikiliza taratibu na uhesabu milio ya ekzosi. Kwa 650 utapata 54, kwa 850 utapata 71. Ukihesabu 71 na kibati kinasema 6/1, muulize imekimbizwa hivyo kwa miaka mingapi, na ombi la pili liwe kuona beringi za kranki kabla ya kutaja bei.